Mrejesho: msamiati wa Kijerumani kupitia filamu

Swali langu lilikuwa: aliye kiwango cha A2 (mwanafunzi ambaye bado yuko ngazi za mwanzo) aanze na filamu ipi, na maandishi ya chini yawe ya lugha gani? Ahsanteni wote mliojibu.

Ya kuanzia ni Lola rennt (1998). Ni fupi, na kisa kilekile kinachezwa mara tatu: Lola ana dakika 20 tu za kupata marki 100,000. Maneno kama das Geld (pesa) na die Tasche (mfuko) yanajirudia bila kuyatafuta.

Das Leben der Anderen (2006) ingojee B1, ngazi inayofuata A2, maana lugha yake ni ya kiofisi, ya Stasi, polisi wa siri wa Ujerumani Mashariki. Lakini humo ndimo kuna utamu. Die Wanze ni kunguni, na pia ni kinasa sauti kilichofichwa ukutani. Halafu kuna abhören, kusikiliza kwa siri, ambayo katika sentensi hugawanyika: "Er hört die Wohnung ab" (anaisikiliza nyumba kwa siri). Ukisimamisha filamu kabla ya ile ab ya mwisho, utaandika hören, "kusikia", na maana imepotea.

Chukua kipande cha dakika 3 hadi 5. Kwanza sikiliza bila maandishi, kisha weka maandishi ya Kijerumani, kisha andika maneno yasiyozidi 8, kila nomino na der, die au das (neno linaloonyesha jinsia yake) pamoja na wingi wake. Maandishi ya Kiingereza zima kabisa; macho yakiyaona, masikio yanalala.

Filamu za Marekani zilizotiwa sauti za Kijerumani ziacheni kwanza: mara nyingi sauti na maandishi hutafsiriwa mbalimbali, hayalingani.