Mjadala: Je, albamu aliyoirekodi msanii mwenyewe nyumbani ni rasimu tu?

Ndugu wapenzi wa muziki wa roki, naomba tulijadili jambo ambalo huzua ubishi kila anapotajwa Will Toledo, kijana wa Leesburg, jimbo la Virginia nchini Marekani, anayejulikana zaidi kwa jina la Car Seat Headrest. Je, kazi ambayo msanii ameirekodi peke yake, bila studio wala prodyuza, ni kazi kamili, au ni rasimu inayosubiri fedha?

Toledo alianza mwaka 2010 akiwa na miaka 17. Jina hilo, lenye maana ya kiegemeo cha kichwa cha kiti cha gari, lilitokana na mazoea yake ya kuingia kiti cha nyuma cha gari la wazazi wake ili aimbe bila kusikiwa na mtu. Alizipandisha albamu zake mwenyewe Bandcamp, tovuti ambako wasanii huuza muziki wao moja kwa moja, moja baada ya nyingine, mpaka lebo ya muziki ya Matador ilipomsaini mwaka 2015. Albamu ya Twin Fantasy aliitoa mwaka 2011, akiwa na miaka 19; mwaka 2018 akaitoa tena, safari hii ikiwa imerekodiwa upya yote pamoja na bendi, na hapo ndipo mashabiki walipogawanyika.

Wanaotetea toleo la pili wana hoja nzito. Wanasema kwamba ule ukwaruzo wa sauti katika toleo la mwanzo ulitokana na ukata, na kuusifu ni kusifu shida ya mwenzako. Tena Toledo mwenyewe alieleza kwamba hakuwahi kuiona kazi ile kuwa imekamilika. Nami nakiri kwamba ngoma za 2018 zina uhai ambao zile za kwanza hazina, na kwamba maneno yaliyokuwa yamemezwa na kelele sasa yanasikika.

Hata hivyo, siafiki kwamba la kwanza lilikuwa rasimu. Sikilizeni "Beach Life-in-Death", wimbo wa albamu hiyo wenye zaidi ya dakika 12. Katika toleo la 2011, anapopaza sauti kinasa kinazidiwa, sauti inapasuka, na magitaa yanarundikana nyuma yake kana kwamba yanapigwa chumba cha pili. Ni wimbo wa kijana mwenye siri nzito anayehangaika namna ya kuwaambia marafiki zake, na unasikika hivyo hasa, kama mtu aliyejifungia garini. Katika toleo jipya kila ala imepata nafasi yake, lakini anayeimba anayakumbuka maumivu yaliyokwisha kupoa, na baadhi ya maneno ameyabadilisha.

Kuna jambo jingine ambalo naona linasahauliwa. Studio hukodishwa kwa saa, na ni nadra kijana wa miaka 19 anayelipia kila saa kuthubutu kurekodi wimbo wa dakika 12. Urefu ule, mikunjo ile na sauti zile zilizopandanishwa vilizaliwa kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumwambia akate, na toleo la 2018 limeurithi muundo huohuo.

Toledo hakuliondoa toleo la kwanza. Aliliongezea jina la Mirror to Mirror, na jipya akaliita Face to Face. Kwa hiyo nawauliza mnaoliita la kwanza rasimu: angelifuta kabisa, mngeridhika?