MREJESHO: Yule mpigaji wa Baltimore Orioles (timu ya besiboli ya Marekani) aliyegoma kupiga

Wakuu, wiki iliyopita niliuliza kama ni halali kuendelea kumshangilia Chris Davis, mtu mwenye mkataba wa dola milioni 161 kwa miaka 7, huku zamu zake za kupiga zikipita hajapata hata pigo moja (kuupiga mpira na kufika kituo salama). Mmoja akanijibu nitafute timu nyingine. Mwingine akapendekeza kombe, lile la maandishi yanayooshwa na kunywewa kuondoa mkosi.

Basi jana, Jumamosi tarehe 13 Aprili 2019, ugenini Boston, kimeeleweka! Alikuwa amefikisha zamu 54 mfululizo bila pigo, tangu Septemba mwaka jana. Rekodi ya ligi kuu kwa mtu asiye mrushaji (anayewarushia wapigaji mpira) ilikuwa 46, kwa hiyo hata kwenye kukosa alikuwa bingwa. Raundi ya kwanza tu, Rick Porcello, mrushaji wa Boston, akarusha, jamaa akachapa kulia, wenzake wawili wakaingia kufunga. Mimi na shemeji tuliruka hadi chai ikamwagika kwenye zulia la dada (bado hajui, naomba iishie hapa).

Davis akacheka na kuashiria mpira ule utunzwe. Mashabiki wa Boston nao wakampigia makofi, ya kejeli kiasi, lakini makofi ni makofi. Halafu akanogewa: mapigo 3 katika zamu 5, mapigo yake yakaleta mikimbio (alama) 4, tukashinda 9–5.

Huyu ndiye aliyepiga mipira 53 nje ya uwanja mwaka 2013, msisahau. Yule aliyesema kombe: nilikuwa nimeshaulizia bei.