Kitundu mbele ya sikio la mtoto kimeanza kutoa usaha, nifanyeje?

Mama Binti, Kisauni

Assalam aleikum jamaa. Binti yangu ana miaka minne. Tangu siku aliyozaliwa ana kitundu mbele ya sikio la kulia, pale sikio linapoanza kupanda juu, kama mtu aliyedungwa ncha ya sindano. Nyanya yake alisema ni alama ya riziki, nasi hatukukishughulikia.

Wiki iliyopita alianza kukataa kuvaa mtandio wa chuoni, yaani madrasa, ule wenye laastiki. Nikidhani ni utundu nikamkaripia, na sasa roho yaniuma. Juzi nikimwogesha nikaona pamevimba, pekundu. Nilipogusa kikatoka kitu cheupe kama siagi iliyoharibika, chanuka. Leo ni usaha, na usiku mwili una joto kidogo.

Jirani asema nikamue mpaka kiishe, kisha nipake manjano na mafuta ya nazi. Mwingine asema akapasuliwe mara moja. Babake yuko melini, nimebaki na maneno ya watu. Kuna aliyepitia haya? Mimi sina kitundu, babake hana, lakini shangazi yake ana viwili, huku na huku.

Fundi wa Likoni

Dada, pole. Mimi ninacho tangu kuzaliwa, nina miaka 41 na naogelea baharini kila juma. Hakijaniuma hata siku moja wala sijakigusa. Lakini cha mtoto kimeshatoa usaha, usikae nacho nyumbani. Mpeleke.

Mama Bakari, Majengo

Waaleikum salaam dada. Nimesoma maneno yako nikiwa jikoni, nikaepua chungu nikakaa chini. Usikamue. Nakuomba ulishike hilo kwanza.

Mwanangu sasa ana miaka saba. Chake kilikuwa sikio la kushoto, na mara ya kwanza kilipovimba alikuwa na miwili. Nilikikamua mwenyewe kwa vidole hivi viwili, nikaosha kwa maji ya chumvi. Usaha ukatoka, uvimbe ukashuka, nikamshukuru Mungu. Wiki tatu hazikuisha, ukarudi mkubwa kama kokwa ya tende.

Nilikuja kuelewa baadaye kwamba kile kitundu ni mlango tu. Ndani mna kijinjia chembamba chini ya ngozi, hupinda, pengine kikatoa matawi, na kuta zake ni ngozi. Ngozi hiyo hutoa taka zake kama ngozi nyingine yoyote, na hiyo ndiyo siagi uliyoiona. Ukikamua, nyingine yatoka nje na nyingine waisukuma nyamani pamoja na vijidudu vyake.

Mara ya pili nikampeleka zahanati moja. Aliyetupokea hakuuliza kama mtoto alizaliwa na kitundu. Alisema ni jipu, akashika kisu akapasua hapo hapo. Nilimbana mwanangu kichwa kifuani, akaiuma leso yangu mpaka ikatoboka. Leso hiyo ninayo mpaka leo, siwezi kuivaa wala kuitupa. Na jeraha lile halikutuponya. Usaha ulirudi kabla ya miezi miwili, safari hii juu ya kovu.

Ndipo tukaenda hospitali kuu, hii tunayoiita Makadara, kwa daktari wa masikio, pua na koo. Alimulika taa, hakubonyeza, akauliza, "Mama, alizaliwa nacho hiki?" Nikajua tumefika. Akasema yaitwa sainasi. Nikamwambia mtoto hana mafua! Akanieleza kwamba hii si ile ya pua, ni kijinjia chenye mdomo mmoja kisichotokea upande wa pili.

Hakupasua siku ile. Alivuta usaha kwa sindano, akaupeleka maabara kujua ni vijidudu gani, akatupa antibiotiki ya maji kwa uzani wa mtoto na kuniapisha kwamba chupa nitaimaliza hata uvimbe ukipotea siku ya tatu. Nyumbani nikawa nakanda kwa kitambaa safi cha maji ya uvuguvugu, bila kubonyeza, na parasetamoli akiwa na homa. Manjano hapana, mafuta hapana.

Upasuaji ulikuja baada ya kupoa kabisa, kwa nusukaputi, maana mtoto hawezi kutulia. Kinatolewa kijinjia chote na kipande kidogo cha gegedu, ule mfupa laini wa sikio, kilichoshikana nacho. Kikisalia kijipande, chaota upya. Daktari alituambia wazi kwamba ule mkato wa zahanati ulimzidishia kazi, kwa sababu kovu huificha njia. Sasa ni mwaka wa tatu, pakavu.

Hilo la kuambiwa akapasuliwe mara moja, dada, ndilo lililoniumiza mimi. Kwanza uvimbe upoe.

Muuguzi, wodi ya watoto

Mama Bakari amesema kweli, naongeza machache. Dada, hukula wala kufanya kitu kibaya ukiwa mjamzito. Sikio la nje huanza kuundika wiki ya sita ya mimba, kutokana na vinundu sita. Visipoungana vizuri, kitundu hubaki. Huenda kwa damu, hasa kikiwa pande zote mbili, na chaweza kumruka mtu kikatokea kwa mtoto wake, kwa hiyo la shangazi yake halinishangazi. Uingereza ni chini ya mtu 1 katika 100, lakini sehemu kadhaa za Afrika na Asia hufika 4 hadi 10. Wengi ni kama huyu ndugu wa Likoni, hawahitaji dawa wala kisu.

Mwambie daktari mambo haya hata asipouliza: kama kuna kiziwi katika ukoo, kama mtoto ana kitundu kingine shingoni, kama sikio lenyewe lina umbo tofauti, na kama ulikuwa na kisukari wakati wa mimba. Likiwepo mojawapo, huenda akataka kupima usikivu na kupiga picha ya figo, kwa kuwa kuna hali chache ambapo sikio na figo hupata kasoro pamoja.

Wekundu ukisambaa shavuni au kuelekea jicho, homa ikipanda, au mtoto akilegea, usingoje asubuhi. Na asikate mtu yeyote tu. Mshipa wa fahamu unaoendesha uso haupiti mbali na hapo.

Mama Binti, Kisauni

Nimesoma yote nikilia. Leo alfajiri nimevuka daraja la Nyali naye. Wamevuta usaha kidogo kwa sindano, wametupa dawa ya chupa, turudi baada ya siku saba. La ukoo nimeulizwa, nikampigia wifi simu pale pale. Anasema viwili vyake havijawahi kuvimba, lakini mjomba wao mmoja alizaliwa hasikii. Kwa hiyo tumeandikiwa kipimo cha usikivu na picha ya figo.

Mwalimu wa chuoni nimemwomba binti avae leso laini mpaka apone, amekubali. Amelala sasa, kwa ubavu wa kushoto.

Mama Bakari, yule mwanao alikaa siku ngapi na bandeji baada ya upasuaji? Na mlimwogesha vipi?