Viinitete vya ng'ombe vinakwama kwenye seli 8 hadi 16

pipeti254
Wakuu, maabara iko Nairobi. Mayai ni ya ovari za machinjioni. Saa 48 baada ya urutubishaji, karibu robo tatu yamegawanyika vizuri, ila siku ya 7 blastosisti (viinitete vilivyofikia hatua ya kuwa na tundu lenye majimaji) ni za kuhesabu. Nyingi zimesimama kwenye seli 8–16. Midia (majimaji ya kukuzia viinitete) ni SOF, inayoiga majimaji ya mrija wa uzazi, yenye asidi amino, albumini 8 mg/ml na seramu 5%. Joto 38.5 °C. Gesi ni ya mtungi uliochanganywa tayari: CO2 5%, O2 5%, iliyobaki nitrojeni. Kasoro iko wapi?

Tone50
Hapo ndipo kiinitete cha ng'ombe huanza kutumia jeni zake chenyewe, kwa hiyo kasoro ndogo ya midia hujitokeza hatua hiyo hata kama mgawanyiko wa kwanza ulikuwa safi.

Ningeanza na gesi. CO2 5% ni kipimo cha usawa wa bahari. Pale shinikizo la hewa ni mmHg 760. Ukitoa 47 za mvuke, 5% ya iliyobaki ni kama mmHg 36. Nairobi, mita 1,700 hivi, shinikizo ni karibu 620, na 5% ileile inakupa 29 tu. Midia yenye bikaboneti (chumvi inayodhibiti uasidi) 25 mM, yaani milimoli 25 kwa lita, ambayo pwani ingekaa karibu na pH (kipimo cha uasidi) 7.4, kwako inapanda kuelekea 7.5. Unahitaji CO2 ya 6.2% hivi. Pima pH ya midia yenyewe baada ya kukaa ndani usiku kucha. Usiamini namba ya kioo cha inkubeta.

pipeti254
Mtungi siwezi kuubadilisha mwezi huu.

Tone50
Basi shusha bikaboneti hadi 20 mM: 1.68 g kwa lita badala ya 2.1, na uongeze NaCl 0.29 g kufidia sodiamu. Kisha pima osmolaliti (wingi wa chembe zilizoyeyuka), ibaki 270–280.

Dkt_Mtamba
Hesabu ya gesi naikubali, lakini mafuta ya kufunikia matone ya midia msiyasahau. Chupa iliyokaa kwenye mwanga au joto hujenga peroksaidi, na sumu yake haionekani kwa macho. Osha mafuta kwa midia, yaache yatulie, na kila toleo jipya lijaribu kwenye sahani moja kabla ya kulitumia kwa mayai yote. Glutamini, moja ya asidi amino za midia, nayo huoza kwenye joto na kuacha amonia. Tumia ile iliyounganishwa na alanini, au hamisha viinitete kwenye midia mpya siku ya 3.

Tone la 50 µl libebe viinitete 20–25. Vitano vikiachwa peke yao kwenye tone kubwa hivyo, huzorota.

Seramu mimi ningeitoa kabisa siku tatu za kwanza. Kweli huharakisha blastosisti, ila zinajaa mafuta, zinagandishwa vibaya, na inahusishwa na ndama wakubwa kupita kiasi wanaoleta shida wakati wa kuzaa. Albumini isiyo na asidi za mafuta inatosha.

pipeti254
Asante daktari. Je, nibadilishe vyote kwa pamoja?

Dkt_Mtamba
Hapana. pH kwanza, vingine viache kama vilivyo, halafu gawa mayai ya ovari zilezile: nusu midia ya zamani, nusu mpya.