Wastani wa dagaa umetoka kilo 40 lakini mitumbwi karibu yote iko chini ya hapo, hii inawezekanaje?

mwalo_kibirizi
Habari za saa hizi wakuu. Niko Kigoma mjini, nasoma diploma na fildi yangu naifanyia mwaloni Kibirizi. Kazi niliyopewa ni kupima dagaa wanaoshushwa asubuhi, mtumbwi mmoja mmoja, halafu niandike ripoti yenye wastani, mediani, mkengeuko sanifu (SD) na niseme kama data zinafuata mgawanyo wa kawaida, ile grafu ya kengele yenye namba nyingi katikati na chache pembeni. Data za asubuhi moja hizi hapa, kilo za dagaa wabichi:

12, 15, 18, 20, 22, 25, 28, 30, 40, 190

Excel inanipa wastani 40, mediani 23.5 na SD 53.3. Sasa ninachoshindwa kuelewa ni kwamba mitumbwi minane kati ya kumi iko chini ya wastani, huo ni wastani wa nani? Halafu msimamizi anasema asilimia 68 ya data lazima ziwe ndani ya SD moja kutoka kwenye wastani, nikichukua 40 nikatoa 53.3 napata −13.3, mtumbwi gani unarudi na kilo hasi jamani? Na kingine, kwenye Excel kuna fomula mbili za SD, STDEV.S na STDEV.P, moja inaleta 53.3 nyingine 50.6, nitumie ipi? Naombeni mnieleweshe taratibu, takwimu nimesoma zile za O level tu.

Mwalimu_Isevya
Mwangaluka kutoka Tabora. Kijana umeuliza vizuri sana, na hiyo −13.3 usiione kama kero, ndiyo jibu lako lenyewe, ngoja nikuoneshe.

Wastani ni jumla ya kilo zote gawa kwa idadi ya mitumbwi, 400 gawa kwa 10. Yaani ni kama dagaa wote wangemwagwa pamoja halafu kila mtumbwi ukapewa sawa. Hausemi lolote kuhusu mtumbwi wa katikati umepata nini. Wa katikati unaupata kwa mediani, unapanga namba kutoka ndogo kwenda kubwa unachukua ya kati, na kwa kuwa ziko kumi unachukua mbili za kati, 22 na 25, unagawa kwa mbili, 23.5. Sasa ile 190 hata ungeifanya 1,900 mediani isingetikisika, ingebaki 23.5 ile ile, lakini wastani ungeruka hadi 211. Wastani unavutwa na namba kubwa, mediani haivutwi. Ukiona wastani uko juu ya mediani kwa mbali hivyo, ujue data zina mkia mrefu upande wa kulia, yaani namba chache kubwa sana.

Njoo kwenye SD. Unachukua umbali wa kila namba kutoka kwenye wastani, unaupiga kipeo cha pili, unajumlisha, unagawa, unatafuta kipeuo cha pili. Nimekaa nikafanya zako kwa mkono. Jumla ya vipeo ni 25,586. Mtumbwi wa kilo 190 uko mbali na wastani kwa 150, na 150 kipeo cha pili ni 22,500. Umeona? Karibu asilimia 88 ya hiyo jumla imetoka kwenye mtumbwi mmoja! Kwa hiyo 53.3 yako haielezi mitumbwi inavyotofautiana, inaeleza zaidi habari za mtumbwi mmoja.

Kuhusu 68: hiyo sheria ni ya kengele peke yake. Data zikiwa na umbo la kengele, kama asilimia 68 zinakaa ndani ya SD moja, 95 ndani ya mbili, 99.7 ndani ya tatu. Zisipokuwa na umbo hilo, hakuna aliyekuahidi 68. Zako sio kengele, na hiyo −13.3 ndiyo inayokuonesha. Hesabu zako mwenyewe: kati ya −13.3 na 93.3 kuna mitumbwi 9 kati ya 10, ni asilimia 90. Kinachoshika kwa data ya umbo lolote ni kanuni ya Chebyshev, kwamba angalau asilimia 75 ziko ndani ya SD mbili. Kwa hiyo msimamizi mwambie kwa heshima kwamba lile neno "lazima" linahitaji sharti.

STDEV.S ndiyo yako. S ni ya sampuli, inagawa kwa 9 badala ya 10, kwa sababu umbali umeupima kutoka kwenye wastani wa sampuli hiyo hiyo, na wastani huo siku zote unakaa karibu na namba zake kuliko ule wa kweli wa mwalo mzima, ukigawa kwa 10 utapata mtawanyiko mdogo kuliko uhalisia. P unaitumia ukiwa umepima wote na hutaki kuongelea mwingine zaidi ya hao.

Chapakazi_Ujiji
Mkuu mbona rahisi, futa hiyo 190. Nimejaribu sasa hivi, ukiitoa wastani unakuwa 23.3 na SD kama 8.6, kila kitu kinakaa sawa na msimamizi anafurahi.

Mwalimu_Isevya
@Chapakazi_Ujiji hapana ndugu yangu, hapo nakataa kabisa. Hizo kilo 190 zilishushwa, kuna watu walizibeba, kuna mama alizinunua akazianika. Karibu nusu ya dagaa wote wa asubuhi hiyo walikuwa kwenye mtumbwi huo, ukiufuta ripoti itasema mwalo ulipokea kilo 210 wakati ulipokea 400. Namba inafutwa ukigundua ni kosa la kuandika, mfano ilikuwa 19.0 nukta ikapotea, na hapo pia unaandika kwamba umefuta na kwa nini.

Kuna njia ya kuitambua namba ya mbali bila kuhukumu kwa macho. Gawa data robo robo: robo ya kwanza yako (mediani ya namba tano za chini) ni 18, ya tatu (mediani ya tano za juu) ni 30, tofauti ni 12. Zidisha 12 kwa 1.5 unapata 18, ongeza kwenye 30 ni 48. Chochote juu ya 48 kiangalie upya. KIANGALIE, sio kifute. Kijana rudi mwaloni ukaulize huo ni mtumbwi gani.

mwalo_kibirizi
Nimeuliza leo asubuhi. Kumbe sio mtumbwi mmoja, ni mitumbwi miwili imeunganishwa kwa miti, wavu mkubwa unashuka katikati na taa za kuvutia dagaa usiku ni nyingi. Ile tisa mingine ni mtumbwi mmoja mmoja na taa chache. Mimi nilikuwa naandika "chombo" kwa wote.

Mwalimu_Isevya
Basi hapo ndipo penye ripoti yako. Una makundi mawili ya uvuvi umeyaweka kwenye kapu moja. Weka safu ya aina ya chombo, kila kundi lipate mediani yake na wastani wake. Na chora histogramu, ile grafu ya nguzo inayoonesha mitumbwi mingapi iko kwenye kilo zipi, kabla hujaandika namba hata moja, vijana wengi wanakimbilia SD wakati dakika tano za kuangalia picha zingewaambia kila kitu.

Tena usije ukadharau wastani kwa sababu ya niliyosema juu. Kikundi cha usimamizi wa uvuvi hapo mwaloni wakitaka kukadiria dagaa wote, wastani ndio unaozidishika: 40 mara 10 ni 400, sahihi kabisa. Mediani mara 10 ni 235, umepoteza samaki wa watu. Ila mvuvi wa mtumbwi mmoja akiuliza "mwenzangu wa kawaida anapata ngapi", mpe mediani. Ni maswali mawili tofauti.

kliniki_Kasulu
Samahani naingilia, mimi ni muuguzi huku Kasulu, nimefuatilia huu uzi kwa sababu hii kengele sisi tunaitumia kila siku tunapopima watoto na wengi hatuambiwi kwamba ndiyo hiyo hiyo. Tunapopima urefu wa mtoto tunalinganisha na viwango vya WHO (Shirika la Afya Duniani) vya 2006. Mvulana wa miezi 24 akipimwa amesimama, urefu wa kati ni sm 87.1 na SD moja ni kama sm 3. Mstari wa −2 SD unaangukia sm 81.0. Akija mtoto wa sm 79.5, unatoa 87.1 unapata −7.6, unagawa kwa 3.05, ni kama −2.5. Hiyo ndiyo z-skoa, inasema mtoto yuko SD ngapi kutoka katikati, na akiwa chini ya −2 tunamhesabu amedumaa.

Kwa nini −2? Kwa sababu kwenye kengele, chini ya −2 SD wanabaki kama asilimia 2.3 tu. Maana yake hata kwenye watoto wanaokula vizuri na hawaumwi, wachache watakuwa wafupi hivyo kwa maumbile na hawana tatizo. Lakini utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania chini ya miaka mitano wako chini ya mstari huo. Tulitegemea 2, tumepata 30! Hapo huwezi kusema ni maumbile, kengele nzima imesogea kushoto, hata wale waliobaki juu ya mstari wengi wao ni wafupi kuliko walivyotakiwa kuwa. Mimi hicho kitu kiliponiingia kichwani niliacha kuangalia tu nani yuko chini ya mstari.

mwalo_kibirizi
Dada asante sana, umenifungua. Sasa mbona urefu wa watoto unatoa kengele na dagaa hawatoi?

Mwalimu_Isevya
Asante sana dada wa Kasulu, huo mfano nitaupeleka darasani.

Kijana, kengele inatokea pale vitu vingi vidogo vidogo vinapojumlishana na hakuna kimoja kinachotawala. Urefu ni hivyo: vinasaba vingi kila kimoja kinaongeza au kupunguza kidogo, chakula, maradhi. Makosa ya kupima pia ni hivyo, na ndiko Gauss alikoitumia mwaka 1809 kwenye vipimo vya sayari, ingawa de Moivre alishaifikia mwaka 1733 akihesabu mambo ya kurusha sarafu. Dagaa hawajumlishani hivyo, wanatembea kwa makundi, ukilipata kundi umelipata, ukilikosa umelikosa, na chini ya sifuri huwezi kwenda lakini juu hakuna kizuizi. Ndiyo maana mkia uko kulia. Mapato ya watu nayo yako hivyo hivyo.

Chapakazi_Ujiji
Nimekuelewa mwalimu, ile ya kufuta naiondoa. Ila nilisikia ukifikisha sampuli 30 data zinakuwa kengele zenyewe, ni kweli?

Mwalimu_Isevya
Data hazibadiliki. Ukipima mitumbwi elfu moja histogramu itapinda vile vile, tena utaiona imepinda vizuri zaidi. Kinachoelekea kwenye kengele ni WASTANI: ukichukua sampuli nyingi, kila moja ukaipigia wastani, hizo wastani zenyewe ndizo zinazojipanga kengele. Na 30 ni kadirio la mazoea tu, data zikiwa zimepinda kama hizi unahitaji zaidi.

Na kwa huyu wa Kibirizi, wingi peke yake hautamsaidia kama atapima siku za giza peke yake. Mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti dagaa kama kawaida na wengi hawaingii ziwani, kwa hiyo kila siku unayopima andika na mbalamwezi ikoje. Mtumbwi ambao haukutoka usiuandikie sifuri, acha wazi, sifuri ni ya aliyetoka akarudi mtupu. Ukipewa na kumbukumbu za nyuma uangalie jambo hilo hilo, mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, mtu akijaza sifuri miezi hiyo mitatu wastani wa mwaka utashuka na atasema samaki wameisha.

mwalo_kibirizi
Naongeza safu mbili basi, aina ya chombo na hali ya mbalamwezi. Histogramu nitaiweka hapa nikishapima siku za giza na za mbalamwezi, mniangalizie kabla sijapeleka kwa msimamizi.