Msimu wa maua Kitulo: tuweke ratiba ya wageni au tuanze na barabara?

Kona57
Wakuu, salaam. Kuanzia Novemba mpaka Aprili uwanda wa Kitulo, hifadhi ya taifa huku nyanda za juu kusini, unafunikwa na maua. Okidi peke yake zimehesabiwa aina 45. Ila mgeni akija bila mtu anayeijua mimea, anapiga picha, anasema "pazuri", anashuka zake Mbeya. Hoja yangu: iwekwe ratiba rasmi ya msimu. Kila Jumamosi asubuhi matembezi na mtu wa mimea, mchana mzee wa Kiwanji au wa Kikinga aeleze lipi ni dawa, lipi ni mboga, nani alichunga wapi kabla ya hifadhi. Na mzee alipwe hela, siyo soda na kofia. Mnasemaje?

Fundi Redio
Mkuu, mtu afike kwanza! Kupanda kutoka Chimala kwenda Matamba kuna kona 57, na jina lako linaonyesha unazijua. Msimu wa maua ndio huohuo msimu wa utelezi. Mnataka mgeni asikilize hadithi za mzee wakati gari limelala mtaroni?

Chura wa Kihansi
Naunga mkono ratiba, ila fanyeni haraka kabla Wakinga hawajamaliza kuchimba okidi. Maua mtaonyesha yapi wakati viazi vyake vya chini ya udongo vimeshavuka Tunduma, vinapikwa kile chakula kiitwacho chikanda huko Zambia? 😂 Mkinga hata ua analipigia hesabu ya faida.

Binti Makete
@Chura wa Kihansi umeanza. Hilo duka unalokopa unga mtaani kwako ni la nani? Mkinga. Hukulalamika siku hiyo. Kuhusu kuchimba, biashara hiyo ilikuwa na wanunuzi kutoka nje ya wilaya, na waliochimba wengi ni watu wasiokuwa na ada ya shule. Kaa kwenye mada.

Chura wa Kihansi
Mbona povu dada? Nimesema uongo? Hifadhi yenyewe ilianzishwa 2002 kwa sababu ya hiyo chikanda.

Mwalimu Mstaafu
2002 Rais Mkapa alitangaza nia. Kwenye gazeti la serikali iliingia 2005, kilomita za mraba 412 na ushee. Ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Chikanda ilichangia kweli, maana makadirio ya miaka ile yalikuwa mamilioni ya viazi kwa mwaka kutoka nyanda za juu kusini. Wanasayansi ndio waliopiga kelele, haohao waliomgundua yule nyani aitwaye kipunji 2003.

Mwana Rungwe
Waliomgundua?? Mwalimu, nakuheshimu, lakini hapo umenichoma. Kipunji tulikuwa tunamjua tangu enzi za babu. Wawindaji wa mlima Rungwe ndio waliowaambia hao watafiti kwamba kuna nyani mwenye aibu huko msituni. Wao wakaja na darubini, wakaandika, wakaitwa wagunduzi. Mwindaji hata jina lake hatulijui.

Mwalimu Mstaafu
Kijana, kugundua kwa maana ya kitaalamu ni kumwandika kwa sayansi ili ulimwengu umtambue. 2006 amepewa jenasi yake peke yake, yaani kundi lake mwenyewe la kisayansi. Si jambo dogo. Na jina la kienyeji wamelibakiza.

Mwana Rungwe
Asanteni kwa kutuachia jina letu.

Fundi Redio
😂😂 Na barabara?

Kona57
Jamani, Mwana Rungwe amenisaidia bila kujua. Mwindaji yule angekuwa ndiye anayelipwa kusimama mbele ya wageni. Na ninyi wa chikanda vilevile. Mchimbaji wa zamani anaijua okidi kuliko mwenye shahada. Chimbua mmea mmoja utakuta viazi viwili: kimoja kimenyauka, ndicho kilichotoa ua la mwaka huu, kingine kigumu, cheupe, ndicho cha ua la mwakani. Mchimbaji anachukua kile kigumu. Mgeni akionyeshwa hapo, haihitaji hotuba ya uhifadhi.

Binti Makete
Yaani mtu umemzuia asichimbe, halafu unamwajiri aigize kuchimba mbele ya watalii? Mama yangu mdogo alichimba, akasomesha. Hatasimama kwenye maonyesho yako kama kinyago.

Kona57
Sikusema aigize. Nimesema alipwe kwa anachokijua.

Binti Makete
Umesema "mzee wa Kikinga". Kwa nini mtaalamu wa mimea awe mtu na sisi tuwe kabila?

Mwalimu Mstaafu
Hapo amekubana.

Chura wa Kihansi
Mi naona wapewe kibali walime hizo okidi mashambani, wauze Zambia kihalali. Si kama vitunguu tu?

Mwalimu Mstaafu
Okidi si kitunguu. Mbegu yake ni kama vumbi, haina chakula ndani, haioti mpaka ikutane na kuvu maalumu udongoni. Tena okidi zote zimo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, kuvusha mpaka kunahitaji kibali. Pale Tunduma nani anabeba kibali cha kiroba?

Kapiri
Wadau mimi nimeoa Kasama, nimeipika hii kitu. Chikanda ni unga wa hivyo viazi, karanga zilizosagwa, pilipili, chumvi na magadi. Unasonga mpaka inakaza, unafunika, makaa juu ya mfuniko. Ikipoa inakatwa vipande kama soseji nene. Tamu, acheni ubishi.

Binti Makete
Haya, sasa wanaokula wamejitokeza. Tuelewane: mchimbaji ndiye mwizi, mlaji ni mdau?

Kapiri
Dada mimi nimekuta mezani kwa mama mkwe. Ningefanyaje?

Fundi Redio
Kapiri, magadi unaweka kabla ya karanga au baada? Nauliza tu, sina nia mbaya.

Kona57
Mods, naomba uzi wa mapishi ufunguliwe kando. Anayetaka kuchangia ratiba ya Januari bado nipo.

Kapiri
@Fundi Redio baada. Ukitanguliza inafura inamwagika jikoni.