Naomba ushauri: vigae bafuni juu ya sakafu ya mbao
Wakuu habari zenu, nipo Marekani kwenye nyumba ya zamani ya mbao, juzi nimebandua lile zulia la plastiki bafuni nikakuta mbao pembeni ya choo zimeoza, bisibisi inazama kama kwenye mhogo uliochemshwa. Hapo nitakata niweke plaiwudi mpya, sio ishu. Ishu ni sakafu inanesa kidogo ukitembea, fundi mmoja kasema bandika vigae juu ya plaiwudi moja kwa moja, mwingine kasema hapana, tanguliza bodi za saruji, paka gundi ya vigae chini yake ndo upige skrubu kila sentimita 20. Huyu wa pili namuelewa zaidi maana mbao zikipata unyevu zinavimba, kigae chenyewe hakinesi, kinapasuka tu. Sasa bodi itazuia kunesa au niongeze plaiwudi ya pili kwanza? Nikipandisha sana mlango utagoma kufunguka. Aliyewahi kufanya anisaidie jamani, saivi tunaoga kwa jirani.